Tupeane uzoefu: Umewahi kutembea korongo la jangwani miezi ya baridi? Ilikuwaje?

Mwana Kibosho

Wakuu, habari zenu.

Kila ikikaribia Desemba napigiwa simu na Watanzania wenzangu walioko huku Marekani: kaka, tuna likizo ya siku nne, twende wapi? Nikiwaambia Zion, hifadhi ya makorongo kusini mwa Utah, nusu wanasema jangwani hakuna baridi hivyo watabeba fulana tu, na nusu nyingine wanasema baridi hiyo si ya kutembea, bora walale. Wote wanakosea, na kwa wale wa fulana kosa lao linaweza kuvunja mguu. Naomba aliyewahi kutembea korongo lolote la jangwani wakati wa baridi, iwe Zion, Grand Canyon au Uarabuni, amwage uzoefu wake hapa. Anayekwenda mara ya kwanza asome kabla ya kufunga begi.

Naanza mimi.

Mwaka juzi, Januari, mzee wangu alikuwa amekuja kutusalimia kutoka Kibosho. Mzee amebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro zaidi ya miaka ishirini, njia ya Marangu na ya Machame. Magoti yamechoka sasa, ila ukimfungia ndani siku mbili anaanza kuugua. Tukaendesha kutoka Salt Lake City, saa nne na ushee barabarani, tukalala Springdale, mji mdogo ulio mlangoni kabisa mwa hifadhi. Miezi ya joto gari lako huruhusiwi kulipeleka ndani ya korongo, unapanda basi la hifadhi. Baridi ikiingia, mabasi hayo husimama kwa sehemu kubwa ya msimu na unaendesha mwenyewe hadi ndani. Tulilipa dola 35 kwa gari, kiingilio cha siku 7.

Saa 4 asubuhi tukaegesha Grotto, pale njia yetu inapoanzia. Kipimajoto cha gari kilisoma nyuzi 2 chini ya sifuri. Juu kabisa ya magenge jua lilikuwa limeshapiga, jiwe jekundu kama tofali linalotoka tanuruni. Chini tulipo ilikuwa bado kibuluubuluu na mto Virgin unafuka mvuke. Mzee alisimama darajani akaangalia juu kwa muda, halafu akauliza jina la mahali. Nikamwambia Zion ndiyo Sayuni, walipaita hivyo walowezi wa Kimormoni miaka ya 1860. Akauliza, na wenyewe waliokuwepo walipaitaje? Nikamtajia Mukuntuweap, jina la Wapaiute. Hata serikali ilipopatangaza kuwa eneo la hifadhi mwaka 1909 ilitumia jina hilo, likabadilishwa 1918, na mwaka uliofuata ikawa hifadhi ya taifa. Mzee akarudia lile jina mara mbili tatu mpaka likamkaa mdomoni. Siku nzima akawa anapaita hivyo.

Njia inapanda kwa lami iliyobandikwa ubavuni mwa genge. Nusu saa tu, jua likatupata, tukavua makoti. Hapo ndipo wengi wanadanganyika. Mbele kidogo unaingia kwenye ufa mwembamba ambao wenyewe wanauita Korongo la Jokofu, na jina ni la haki: jua halifiki mle, barafu ya wiki iliyopita iko vilevile. Tulivaa njumu za barafu, zile za mpira zenye meno ya chuma unazivalisha juu ya kiatu. Mzee akawa anagonga chini kwa fimbo kabla ya kukanyaga. "Hii nyeupe inalia, inashika. Ile nyeusi inayong'aa, ukiiona kama njia imelowa tu, iruke." Nimeishi na theluji miaka tisa na sikuwahi kuelezwa hivyo.

Baada ya Jokofu ziko kona 21 za kujikunja zilizojengwa mwaka 1926, zinaitwa kwa jina la Walter Ruesch aliyekuwa msimamizi wa hifadhi siku za mwanzo. Ukizimaliza umefika Scout Lookout. Kuanzia hapo ndiyo ile njia maarufu ya Angels Landing, ukingo mwembamba wenye minyororo ya kushika, pande zote mbili hakuna kitu. Tangu Aprili 2022 huendi huko bila kibali cha bahati nasibu. Mimi nilikuwa nimeomba siku moja kabla na nikapata, nilikuwa nacho kwenye simu, moyo unanienda mbio.

Ilikuwa saa 7 mchana. Mzee akakaa juu ya jiwe, akamimina chai kutoka kwenye chupa, akautazama ukuta wa mashariki ng'ambo ya korongo. Alikaa kimya kama dakika kumi. Kisha akanyoosha kidole: "Umeuona ule mti uliopinda? Tulipofika kivuli kilikuwa chini yake. Sasa kimeupita. Haya maji yanayochuruzika kwenye mwamba saa hizi, wewe ukiwa unarudi kwenye minyororo yatakuwa yameshaganda."

Nilinuna. Nilikuwa na kibali! Lakini mzee akishafunga kikombe chake hakuna mjadala, tukageuka.

Kona zile ambazo tulipanda zikiwa zimelowa tu, saa 8 na nusu zilikuwa kioo. Tukamkuta kijana wa Kimarekani, viatu vya mazoezi, amekaa chini ameukumbatia ukuta wa kona ya nne au ya tano, anatetemeka. Alikuwa ameanguka mara mbili. Mzee hajui Kiingereza zaidi ya kile cha mlimani. Akampa fimbo yake, akatangulia mbele yake, "slowly, slowly, here, here," kona baada ya kona hadi chini. Yule kijana aliposhika lami kavu alimkumbatia mzee wangu akalia.

Haya, tiririkeni.

Mama Wawili Vegas

Ahsante sana kwa uzi huu, na mzee apewe heko zake. Mimi ni Mkenya, nauguza hospitali huku Las Vegas, na Zion ni mwendo wa saa mbili na nusu kutoka kwangu, kwa hivyo nimeenda baridi tatu mfululizo na watoto wangu wawili, wa miaka saba na kumi. Nataka kuwaambia wenye watoto kwamba si lazima upande huko juu.

Pitieni upande wa mashariki. Kuna handaki lenye urefu wa kilomita 1.8 lililochongwa ndani ya genge na kufunguliwa 1930, na ukitoka tu upande wa pili kuna kijia cha Canyon Overlook, kilomita 1.6 kwenda na kurudi. Hapo baridi ni rafiki yako kwa sababu kondoo wa milimani, wale wenye pembe za kujikunja, wanashuka karibu na barabara. Tulihesabu kumi na wanne asubuhi moja. Mvulana wangu alipitisha kiganja kwenye mwamba, kikatoka na mchanga mwekundu. Mhifadhi aliyekuwa pale akachuchumaa akamweleza kwamba mlima mzima ulikuwa vilima vya mchanga vya jangwa, enzi za dinosaria, upepo ukivirundika hadi vikagandamana kuwa jiwe. Akamwonyesha mistari iliyolala mshazari kwenye ukuta: kila mstari ni mteremko wa kilima cha zamani. Sasa hivi kila tukiona jiwe barabarani lazima tusimame.

Baridi ya pili nilipata funzo. Tulikuwa tukitembea Riverside Walk, njia tambarare ya saruji kando ya mto, stroller inapita, nikaona haina neno. Maji huko hupenya ndani ya ule mwamba polepole, mengine huchukua zaidi ya miaka 1,000, yakifika kwenye tabaka gumu la chini yanatokea ubavuni na kudondoka. Januari yanaganda papo hapo, na kuta zote zinaning'iniza barafu kama mishumaa, mingine mirefu kuliko mtu. Inapendeza mno. Nikawasimamisha watoto chini yake niwapige picha. Binti yangu akasema, "Mami, inalia." Nikasikia kweli: tik, tik, kama gilasi ya moto ukiitia maji baridi. Nikawavuta. Hatukuwa tumefika mita ishirini, kipande kama gunia la mkaa kikashuka pale pale, vipande vikaruka hadi mtoni. Ilikuwa saa sita, jua ndio limefika juu ya ukuta.

Kwa hivyo mzee anaogopa kivuli cha jioni, na mimi naogopa jua la mchana! Chini ya barafu inayoning'inia usisimame, pita haraka, na picha piga ukiwa mbali.

Na jambo moja zaidi, kwa sababu sisi Wakenya hatujasahau hifadhi yetu ya Hell's Gate, Septemba 2019, maji yaliposhuka korongoni na watu 7 wakafa. Zion yenyewe ilipoteza watu 7 kwenye korongo jembamba mwezi kama huo huo, 2015. Mafuriko ya ghafla huja zaidi na mvua za miezi ya joto, lakini mvua ya baridi ikinyesha juu ya theluji mto pia hupanda. Uliza ofisi ya wahifadhi asubuhi hiyo hiyo, usitegemee ulivyosoma jana.

Mpakani Tunduma

Swali fupi wakuu: mtandao upo? Chakula?

Mwana Kibosho

@Mpakani Tunduma ndani ya korongo simu inakufa, pakua ramani kabla. Chakula beba chako. Sisi tulibeba chapati, mayai ya kuchemsha na karanga. Weka chapati ndani ya koti karibu na mwili, ukiiacha nje ya begi utakula ubao.

Mtoto wa Goma

Jambo bandugu wote. Mimi niko Phoenix tangu 2016. Ninataka kuleta habari ya Grand Canyon, kwa sababu kule niliumia na sikuambiwa na mtu.

Phoenix mwezi wa kwanza watu wanavaa shati. Nilitoka nyumbani saa 10 ya usiku na wenzangu wawili, sote tulikuwa na jeans na sweta za pamba. Ukingo wa kusini wa Grand Canyon uko mita 2,100 juu ya bahari. Tulipofungua mlango wa gari, upepo ulitupiga kama kofi. Njia yetu ilikuwa South Kaibab, unafika pale kwa basi la hifadhi, gari yako huiachi hapo. Na njia hiyo haina maji hata tone, kiangazi wala baridi.

Nyumbani nilipanda mlima Nyiragongo mara mbili nikiwa kijana. Nilijua baridi ya juu pale kwenye vibanda, unavaa kila kitu ulichonacho. Kwa hiyo nilijiona mwenye uzoefu. Lakini mlima na korongo ni vitu viwili tofauti kabisa. Mlimani unateseka asubuhi, mwili ukiwa mupya, na kurudi ni kuteremka. Korongoni unaanza kwa kuteremka, unaimba, unacheka, na kila hatua hali ya hewa inakuwa nzuri zaidi. Tulifika Cedar Ridge, kilomita 2.4, tukavua sweta. Tukasema tuendelee. Chini kuna joto, tuliona vichaka vya kijani, tukaendelea tena saa nzima. Hakuna kitu kilichotuambia simama. Mwili haukuchoka, jua lilikuwa zuri.

Kupanda ndiko tulikolipa. Jasho likalowesha fulana za pamba. Na sikilizeni hii, ndio sababu ninaandika: ule ukingo wa kusini unatazama kaskazini. Wakati wa baridi jua liko chini upande wa kusini, linabaki nyuma ya ukingo, kwa hiyo zile kona za mwisho karibu na juu hazipati jua karibu msimu wote. Barafu imekanyagwa na viatu vya watu na kwato za nyumbu wa mizigo mpaka imekuwa marmaru. Tulifika pale saa 11 ya jioni, tumechoka, tumelowa, giza linaingia. Mwenzetu mmoja vidole vilikufa ganzi, hakuweza kufunga zipu ya koti. Nilimfungia mimi kwa meno kwa sababu vyangu pia havikukamata. Tulipanda zile kona kwa mikono na magoti, tukikamata mawe ya pembeni. Mita mia tatu za mwisho zilituchukua karibu saa moja.

Tangu siku ile kanuni yangu ni hii: muda wa kuteremka nauzidisha mara mbili, ndio muda wa kupanda. Pamba sivai tena, ninavaa sufu ya ndani, na fulana moja kavu iko kwenye mfuko wa nailoni, ninabadilisha mahali pa kugeukia kabla sijaanza kupanda. Hiyo fulana kavu, bandugu, msiidharau.

Bint Mkunazini

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie niko Maskati, nimesoma yote haya mpaka machozi yakanilenga kwa habari ya yule mzee.

Huku kwetu Oman korongo la kwenda ni lile la Wadi Ghul, chini ya Jebel Shams. Jebel Shams ni Mlima wa Jua, na ndio mrefu kuliko yote nchini, kama mita 3,000. Mwezi wa Julai Maskati hatutoki nje mchana, basi watu wa Bara na wa visiwani wakisikia Oman hufikiria joto tu. Sie tulikwenda Disemba, familia tatu, wote wenye asili ya Unguja, tukapiga mahema juu ya ukingo. Usiku tulivaa soksi mbili mbili na bado watoto hawakulala. Alfajiri mume wangu akatoka kuchukua maji ya udhu, ndoo ikawa imefanya ngozi ya barafu juu yake. Akaigonga kwa kata ikavunjika kama kaki. Akaniita nikaone. Miaka ishirini na mbili niko Oman, sikuwahi kuliona hilo.

Asubuhi tulikwenda ile njia ya ubavuni, inaanza kijiji cha Al Khitaym, inapita kwenye bapa la mwamba, upande mmoja ukuta, upande wa pili shimo la kilomita moja kwenda chini. Njia yenyewe ni pana ya kutosha, mbuzi wanatupita kwa dharau yao. Mamangu mdogo ana miaka sitini na tatu na alikwenda na kanga yake kichwani na fimbo. Mwisho wake, mwendo wa saa moja na nusu kwa mwendo wetu, kuna kijiji kilichohamwa. Nyumba zimejengwa chini ya mwamba, ukuta wa nyuma wa nyumba ni mlima wenyewe. Jiko moja bado lina masizi darini. Mamangu mdogo aligusa yale masizi kwa kidole, akajipaka kidogo kwenye kiganja, akakaa kizingitini, hataki kuondoka.

Theluji hatukuiona na barafu njiani haikuwepo, kwa hiyo hofu yetu si kuteleza. Huku hofu ni upepo, na ile barabara ya vumbi tuliyopandia, kwa gari la kuvuta magurudumu yote manne.

Kijana wa Mbeya

Naongeza moja tu, kuhusu The Narrows, kule Zion ambako njia ni mto wenyewe. Unatembea ndani ya maji, kuta zinapanda mita 300 na sehemu nyingine upana ni mita saba nane hivi. Niliingia Februari. Maji yalikuwa nyuzi 4.

Mjini wanakodisha nguo ya mpira isiyoingiza maji, viatu, soksi nene na fimbo. Nilikodi duka moja nikiwa na haraka, sikuikagua. Mpira wa shingoni ulikuwa na mpasuko mdogo, urefu wa ukucha. Nilipojikwaa nikapiga magoti, maji yakaingia kifuani, nilishindwa kuvuta pumzi kama sekunde tano, kisha yakashuka hadi tumboni na kukaa. Niligeuka hapohapo. Dakika arobaini za kurudi zilikuwa ndefu kuliko siku nzima.

Kwa hiyo: ivae dukani, nyoosha mpira wa shingo na wa mikono kwa vidole ukiwa kwenye mwanga. Na ile nguo inazuia maji tu, joto ni la nguo utakazovaa ndani yake. Mto ukizidi futi za ujazo 150 kwa sekunde wanafunga njia, msibishane na bango. Nilirudi mwaka uliofuata, nguo nzima, nikaupanda mto kwa muda wa saa tatu. Sikukutana na watu zaidi ya wanne. Mahali fulani jua lilipenya kwa dakika chache, likapiga ukuta mmoja, na ukuta wa pili ukawaka kwa mwanga wa mwenzake, maji yote yakawa rangi ya chungwa hadi kwenye magoti yangu. Nilizima kamera nikasimama tu.

Mwana Kibosho

Ahsanteni sana. Jana nilimpigia mzee nikamsomea uzi wote. Habari ya Mtoto wa Goma ilimshika, akasema fulana kavu ndiyo kitu cha kwanza alichofundishwa na wapagazi wenzake. Halafu akanituma swali kwa Bint Mkunazini: wale wa kijiji cha kwenye mwamba, maji walichota wapi? Anasema hajalala akiwaza akina mama wakishuka kilomita nzima na kupanda na ndoo.

Bint Mkunazini

Mwambie baba, shikamoo yake kwanza. Hawakushuka. Juu ya kijiji, ukipanda kidogo nyuma ya nyumba za mwisho, mwamba umeingia ndani kama pango, na mna kidimbwi cha maji ya kudondoka. Yalikuwa baridi ajabu na matamu. Chini yake kuna makonde ya ngazi waliyoyajengea mawe, udongo bado umo. Mamangu mdogo alijaza chupa, iko kwenye friji hadi leo, hataki mtu aiguse.